Bei Niliyoijua Nikaandika Nyingine

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Shinyanga ambayo nikiikumbuka hadi leo naona aibu kama vile ilikuwa jana, na hapa nyumbani sijawahi kuisimulia. Nakusimulia wewe kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kutengeneza hesabu za kampuni, na kila mtu anakupongeza. Nami nakupongeza. Lakini kaa kwanza unisikilize.

Miaka ya themanini, nikiwa kijana, nilikuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba pale mjini. Wenye kampuni walikuwa watu wa kawaida, wakulima na wachuuzi walionunua hisa kidogo kidogo. Nilijiona mtu mkubwa sana. Mfuko wa shati langu ulijaa kalamu, na nyingi hazikuwa na wino.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa Geita aliyepeleka mafuta kwenye machimbo ya dhahabu. Alipoishiwa fedha taslimu alianza kutulipa kwa hati za ahadi, yaani karatasi yenye sahihi na muhuri inayosema kiasi fulani kitalipwa baada ya mavuno. Kabati letu likajaa hati hizo. Hata sisi wafanyakazi sehemu ya mishahara tulipewa hizohizo. Mwanzoni watu walizipokea bila wasiwasi. Kisha ikasikika kwamba yule bwana ameshindwa kuwalipa wengine, na wafanyabiashara wa soko la Ngokolo, palepale mjini, waliokuwa wakizinunua wakashusha bei hadi nusu. Nikachukua za kwangu, nikaziuza Ngokolo kwa nusu, nikashukuru Mungu kwamba nimewahi.

Usipite hapo haraka, mwanangu. Bei ya zile hati sikusimuliwa, nililipwa mwenyewe.

Siku chache baadaye nikakaa kuandaa mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, kwa ajili ya mkutano mkuu. Mwenyekiti akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Hizo hati ziandike kama zilivyo," akasema. "Ukiweka nusu utawatisha watu, na sisi tunataka waongeze hisa tununue mashine."

Bei ya hisa mpya ingetokana na mizania hiyo, na wote wawili tulilijua hilo. Nikaandika thamani nzima. Sitakudanganya kwamba nililazimishwa. Niliogopa kupoteza kazi, na kusema kweli ile jumla ilinipendeza macho.

Mkutanoni alikuwepo Mama Kulwa, mjane wa kijiji cha Samuye mwenye hisa chache. Alikuwa na mapacha. Kulwa, yule binti, alikuwa ameshaolewa, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa zizini wakimsubiri kaka yake, Doto, aolee. Ndivyo ilivyo kwetu, dada akiolewa ng'ombe wake humwolea kaka. Mchumba alishapatikana na wazee walishakubaliana. Sasa mama akafikiri kwamba akiwauza ng'ombe wale na kununua hisa, baada ya mavuno Doto ataoa na faida itabaki. Mkutano ulipokwisha akanifuata.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "mimi mizania siijui. Hizo karatasi za kabatini, zikipelekwa sokoni leo zinapata hela hiyo uliyoandika?"

Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniuliza swali la maana kama lile.

"Zinapata, mama," nikamjibu.

Ng'ombe wakauzwa mnadani. Mavuno yakaja, yule bwana wa Geita hakulipa hata senti, na hati zetu zikabaki karatasi tupu. Fedha za hisa mpya zikaishia kulipa madeni ya kampuni, kisha milango ikafungwa. Wazazi wa mchumba walisubiri mpaka wakachoka, binti akaolewa Ushetu. Doto akaenda kuchimba dhahabu, akakaa huko miaka bila kumtazama mama yake.

Kabla hatujafunga, Mama Kulwa alikwenda Ngokolo kujaribu kuuza hisa zake. Mfanyabiashara mmoja akamcheka. Akamwambia, "Mama, hata mhasibu wenu aliniuzia hati zake kwa nusu, tena kabla ya mkutano." Kesho yake asubuhi mama akaja ofisini kwangu. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Huku kwetu hata mtu mliyegombana naye huitikia shikamoo. Akanitazama tu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Za kwako ulijua bei yake. Za kwetu hukuijua?"

Akasubiri jibu, kwa kuwa kweli alitaka kujua. Nikainamia kitabu cha hesabu, naye akaondoka. Miaka iliyofuata nilipeleka ng'ombe Samuye, mmoja mmoja, kadiri nilivyoweza. Aliwapokea, akanikaribisha maziwa, tukazungumza habari za mvua. Lakini shikamoo yangu hakuiitikia tena mpaka tulipomzika.

Basi shika hili. Thamani ya hati si kile ilichoahidi. Ni kile ambacho mnunuzi anayeelewa, asiyelazimishwa, angekupa leo. Soko likiwepo, andika bei ya soko, hata kama inauma na mkubwa wako amekununia. Soko lisipokuwepo, kadiria, na uandike wazi kwamba umekadiria, umekadiriaje, na wapi huna hakika. Kabla ya kuweka sahihi, jiulize kama wewe mwenyewe ungekubali kulipwa mshahara wako kwa hati hiyo kwa bei hiyo. Kama hukubali, usimwandikie mwingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki isiyomliza mtu, akulinde na woga ulionishinda mimi, na kila utakayemwamkia maishani mwako, akuitikie.