Siku Mdogo Wangu Alipolewa Sanitaiza

Korona ilipofunga shule, boma letu la Gesima liligeuka kambi ya watoto wasio na kazi. Mama alishinda shambani akichuma chai, nasi tukaachiwa magokoro, nyanya yetu, aliyeuogopa ugonjwa ule kuliko nyoka. Mlangoni alikuwa ameweka kigoda, na juu yake chupa ya soda yenye sanitaiza ambayo shangazi alituletea kutoka Kisii mjini. Kwetu chupa ya soda haitupwi. Leo ina soda, kesho mafuta taa, keshokutwa maziwa ya jirani. Hakuna aliyeona ajabu.

Mdogo wangu wa miaka mitatu aliona soda.

Sisi hatukujua. Tulimwona tu akija uani akiyumba, akamsalimu kuku kwa heshima zote, akamwimbia, kisha akaketi chini pwaa. Uso moto, macho mekundu. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Magokoro alivuta leso akaziba pua.

"Ni korona. Mtu asimguse."

Basi tukasimama mbali na barakoa zetu, kama watu waliokosea matanga. Hapo mtoto akaanza kusinzia. Kichwa kikainama, kikainuka, kikainama tena, nami nikaacha kucheka.

"Magokoro, tangu lini korona ikamwimbia kuku?"

"Funga mdomo. Mizaha yako itatuzika."

Nilishusha barakoa, nikamwinamia, nikamnusa mdomo. Alinuka kama mjomba wetu siku ya soko.

"Huyu amelewa."

Magokoro akageukia mlango. Chupa ilikuwa imelala chini ya kigoda, wazi. Leso ikamwanguka.

"Mkimbize hospitalini, tata," akasema, akiniita baba kama afanyavyo akibembeleza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

Nikambeba mgongoni, nikateremka mbio katikati ya michai hadi kituo cha kuuzia majani. Lori la kiwanda lilikuwa linamaliza kupakia. Karani wa mizani alininyooshea fimbo.

"Simama hapo. Mmenawa?"

"Huyu amenawa mpaka tumbo."

Alimnusa, akafungua mlango wa lori mwenyewe. Dereva hakuuliza mengi.

"Asilale huyo. Mchekeshe."

Mimi, ambaye walimu hunitoa darasani kwa kosa hilohilo, leo naombwa na mtu mzima! Nikaanza kazi. Nikamwigia shangazi akibishania bei ya ndizi, mhubiri akikohoa ndani ya barakoa, mwalimu mkuu akifukuza mbuzi wa jirani. Kila alipofumba macho nilipandisha sauti. Dereva alicheka nusura atutie mtaroni. Mdogo wangu alifungua jicho moja, akanitazama kama mtu aliyelipa kiingilio akajuta, akalifunga.

Hospitalini muuguzi alimtundikia dripu ya sukari.

"Spiriti ya sanitaiza humaliza sukari mwilini mwa mtoto," akaniambia. "Na tangu shule zifungwe, huyu si wa kwanza. Wengine wanakunywa dawa ya kufulia. Vizuri hamkumtapisha."

"Ataamka?"

"Endelea kumsemesha."

Mama, aliyepashwa habari na karani, alifika na kikapu cha chai bado mgongoni. Akazuiliwa mlangoni: siku hizo mgonjwa mmoja alikaa na mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Akasimama nje ya dirisha, kiganja kwenye kioo. Nikamrudia yule mbuzi aliyefukuzwa na mwalimu mkuu, nikambebesha mimba, nikamzalisha mapacha, sauti ikaanza kukwaruza.

Mdogo wangu akafumbua macho yote mawili.

"Nyamaza," akasema.

Nikanyamaza. Nikaushika mkono wake usio na sindano, nikauinua juu, tukampungia mama.