Mkono Uliogoma kwa Fundi

Jumamosi nilikuwa kwa fundi cherehani, mtaa wa Engutoto, alipokuja dada mmoja kujaribu gauni la kitenge aliloshonewa kwa harusi ya mdogo wake. Aliingia nyuma ya pazia, akahangaika kidogo, kisha akatoka mkono mmoja wa gauni ukiwa umekwama juu ya kiwiko.

"Dada, nimetumia vipimo vyako vya mwaka jana," fundi akajitetea. "Kiuno kimekaa vizuri. Samahani kusema, mikono ndiyo imenenepa."

Dada akakunja mkono mbele ya kioo, akaubonyeza kwa kidole kama anayechagua parachichi sokoni.

"Hebu rudia."

"Mikono imenenepa. Pole, dada."

"Usinipe pole. Nanyanyua vyuma tangu mwaka jana. Mama anasema nitageuka mwanaume, mume wangu kila siku anauliza hiyo misuli iko wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa sioni kitu, wiki hii nilitaka kuacha."

Akampigia mumewe, akaweka spika, akamsogezea fundi simu. "Mwambie."

Fundi akainamia simu. "Shemeji, mkono umegoma kuingia."

Dada akakata simu.

"Sasa niongeze kitambaa kiasi gani?" fundi akauliza.

"Acha nafasi. Bado naendelea."

Akina dada mnaonyanyua vyuma, msikilaumu kioo. Kinawaona kila asubuhi, kitajuaje kama mmebadilika? Fundi anawaona harusi hadi harusi.