Niliitika Mwito wa Tatu

Naitwa Mariamu, na kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa kucheka. Baba yangu aliuza chumvi na sabuni sokoni Kasongo, nami nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea uuguzi. Nyumbani kwetu kulikuwa na sharti la tangu enzi za mabibi: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Ngoja. Jini huita mara moja au mbili. Ni binadamu tu anayefikia mwito wa tatu. Baba akirudi kutoka Kabambare na pikipiki yake alisimama nje ya ua na kuniita mara tatu, polepole, mpaka nicheke na kwenda kumpokea mizigo.

Alifia kwenye njia hiyo hiyo, pikipiki ilipoteleza matopeni. Tulimzika, tukasoma hitima, nikarudi chuoni. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu.

Kwanza usingizi ulinikimbia. Halafu chakula kikawa na ladha ya udongo, nikakonda hadi kitenge hakikai kiunoni. Niliacha kuoga, kichwa kikaingia chawa, mimi niliyekuwa nasuka nywele kila Ijumaa. Asubuhi moja natwanga sombe, majani ya muhogo, nikasikia nje ya ua: Mariamu. Nikanyamaza. Mariamu. Nikanyamaza, mchi mkononi. Mariamu.

Ilikuwa sauti ya baba, na ilikuwa mara ya tatu. Niliitika. Nilitoka mbio nje na sikumkuta mtu, lakini sikuogopa. Niliona nimefuata sharti nililofundishwa, basi huyu ni yeye. Tangu siku hiyo aliniita kila siku, na kila siku nilijibu.

Hapa pananitia aibu kusema. Wakati huohuo chuo kilituandikisha kwenye masomo ya simu juu ya afya ya akili. Kila wiki tuliletewa sauti ya kusikiliza, na maswali mwishoni, na mwenye kumaliza angepata cheti. Tulitaka cheti. Mega za intaneti ni ghali, basi mmoja alifungua somo, wengine tukanakili majibu yake. Swali moja liliuliza: mtu anayesikia sauti ya mtu asiyekuwepo afanye nini? Nikachagua: aende hospitali. Baba alikuwa dirishani akiniita nilipokuwa nabonyeza jibu hilo. Nilipata alama zote.

Mama yangu alinikuta nikizungumza na ukuta, akanipeleka kwa ustadhi. Nilinywa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, siku saba. Silisemi vibaya, lilinituliza, nikalala siku mbili. Sauti iliporudi, mama aliogopa midomo ya majirani. Akanipakia nyuma ya dereva wa pikipiki niende kujificha kwa mama mdogo Kabambare. Tulipita pale alipoangukia baba. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa safari nilisikia mtu anapumua nyuma ya shingo yangu, na nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Kule Kabambare sauti iliacha kuita tu, ikaanza kuamuru. Njoo unipokee mizigo. Adhuhuri moja niliondoka bila viatu nikashika njia ya kuelekea Lusangi, nikafika kwenye shimo la zamani la dhahabu lililojaa maji ya mvua. Sauti ilitoka chini humo. Mchimbaji mmoja aliniona ukingoni akanikamata kitenge.

"Dada, unaenda wapi?"

"Baba iko mule ndani. Iko ananiita."

Alichungulia shimoni, kisha akanitazama, wala hakucheka. "Mule hamuna mutu, dada. Ile shimo ni mimi njo nilichimba."

Akanirudisha kwa mama mdogo, naye akanirudisha Kasongo. Feza, tuliyesoma naye darasa moja, alikuja kunitazama. Alinikuta mkekani, nimejikojolea, nanuka. Alikuwa mmoja wa wachache waliosikiliza yale masomo kweli. Hakunihubiria. Aliketi karibu na mama yangu, akatoa simu, akamfungulia somo moja lililosemwa kwa Kiswahili. Mama mmoja ndani yake alieleza kwamba anayesikia sauti si mwongo na hakulaaniwa. Akili huugua kama mwili, na dawa ipo.

"Rudilia," mama yangu alisema. Feza akarudilia. Mama akaomba tena. Kisha akasimama, akakaza kitenge chake.

"Huyu mama wa mu simu ameita mara tatu. Twende kwa munganga wa ku hospitali."

Hospitalini daktari aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: sauti inakwambia nini? Nilimwambia yote. Hakushtuka. Aliniambia nitapona polepole, nisiache vidonge. Vidonge vilinitesa. Ulimi ulikuwa mzito, mate yalilowesha mto, mikono ilitetemeka hadi chai ikamwagika. Alipunguza kipimo, nikavumilia. Sauti ikasogea mbali, kama mtu anayeitia upande wa pili wa soko, kisha ikapita siku nzima bila kusikika. Siku hiyo nililia sana. Ndiyo siku baba alipokufa kwangu.

Sasa nimerudi chuoni, narudia mwaka. Nimesikiliza masomo yote kuanzia la kwanza. Wanafunzi wenzangu, nakilini masomo mengine mkitaka, hili msilinakili. Nilikuwa na jibu sahihi mkononi nikaenda nalo mpaka ukingoni mwa shimo. Namshukuru Mungu, namshukuru Feza, na yule mchimbaji ambaye hata jina sikumwuliza.

Sitawadanganya kwamba imekwisha kabisa. Mchana mwingine, ua ukiwa kimya, bado namsikia. Ila nyumbani sharti limebadilika. Hakuna tena anayeniita kutoka nje. Mama yangu ana goti bovu, lakini akinihitaji huvuka ua mzima, huja mpaka niuone uso wake, hunishika bega, ndipo hutaja jina langu. Naitika mwito wa kwanza.