Jina Nililoita Getini

Leo nimeacha chai ikapoa kikombeni, na mimi ni mtu wa Kericho.

Nimekaa hotelini hapa Kapsoit, mzee mmoja akanisimamia mezani.
"Supavaisa, mimi ni Mogaka."

Vijana, niwaambie. Miaka ya sabini nilikuwa supavaisa wa zimamoto katika kiwanda cha majani chai. Kukagua mipira ya maji na kujaribu pampu kila asubuhi, hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kubwa ilikuwa hii: moto ukitokea, unaita majina ya shifti nzima pale getini. Mtu asipoitika, unaingiza watu wako ndani.

Siku ile chumba cha kukaushia majani kiliwaka. Nikaita majina.
"Mogaka!"
"Niko!"
Wote wakaitika. Sikuingiza mtu.

Jioni tukapata maiti mle ndani.

Kesho yake Mogaka akapotea, na marehemu hakutambulika. Kwa ripoti niliandika: mtu mmoja, hayuko kwenye orodha.

Leo ndio ameniambia. Alikuwa mgonjwa, akamtuma mdogo wake afanye kazi kwa jina lake. Mogaka mwenyewe alipoona moshi kutoka nyumbani, akakimbia getini. Nilipoita jina lake, akaogopa kufutwa kazi, akaitika.
"Nilidhani ameshatoka, mzee."

Mngekuwa mimi mngemjibu nini? Maana mchezo huo wa kuazimana majina niliujua, na bado niliita bila kuangalia nyuso.

Nikamuuliza Mogaka jina la mdogo wake.
"Onchiri."

Nikaliita jina hilo kwa sauti, kama pale getini. Hoteli yote ikageuka kutuangalia.

Mimi na Mogaka tukangoja.