Boriti Moja Iliyopungua

"Hivi mama, huyo seremala wenu anaongea na miti, au masikio yangu ndiyo mabovu?" jirani aliniuliza tulipohamia huku msituni, familia chache, tuishi na kufanya kazi pamoja. Nilicheka, maana ni kweli. Kabla ya kukata mti huupapasa kwa kiganja kikavu kama gome, hutazama juu, kisha husema polepole, "Utatuwia radhi, mzee wangu."

Leo tulikuwa tunapaua karakana yetu ya kwanza. Watu wanaimba, moyo wangu unadunda kwa furaha, na mawingu nayo yameshatanda. Mara boriti moja ikapungua. "Kata mti ule pale, fundi! Mbao zote zitaloa!" tulimpigia kelele. Akaupapasa, akatazama juu: ndege alikuwa amelalia mayai. Akashusha shoka. Akaenda kwenye kibanda chake, akang'oa boriti ya paa lake mwenyewe, akaileta begani akicheka kama bwana harusi. Vigelegele hivyo! Bati la mwisho likapigiliwa matone yakianza kudondoka, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akanisogelea, akijifuta jasho: "Dada, naomba nilale jikoni kwenu mpaka nipate boriti nyingine."