Makuti Mabichi kwa Askari wa Rumonge

Habari ilinikuta nikipima chumvi dukani: yule mama aliyekuwa akitunza makaburi ya askari hapa Rumonge amefariki kwa homa. Wasomaji wangu wa mbali hawamjui. Alikuwa mchuuzi wa mawese kutoka Kigwena, mjane wa makamo, mwepesi wa kucheka, mkali kwa mbuzi wa watu. Makaburi hayo yako juu kidogo ya ziwa, ndani ya uzio, nao waliolala humo ni askari wa Mdachi waliokufa kwa majeraha na homa za safari za milimani. Boma halikumtuma wala kumlipa. Kila Alhamisi alifagia, akateremka ziwani kuchota maji, akayanyunyizia makaburi, kisha juu ya kila moja akalaza kuti bichi la mchikichi, maana mitende, ambayo makuti yake hulazwa makaburini huko pwani, huku kwetu hakuna.

Mumewe alikuwa mpagazi, mbeba mizigo wa askari hao. Siku moja nilimuuliza kaburi lake ni lipi.

"Sijuwi, baba," akanijibu huku akikata kuti. "Alikufa miye niko Kigwena. Walinambia tu iko humu."

"Ndiyo maana unafagia yote?"

"Nikifagia yote, yake haiwezi kunikosa."

Akacheka, nami nikacheka naye. Leo kicheko kile kinaniuma.

Tulipokwisha kumzika, tuliketi matangani pamoja na ombasha mmoja mzee, koplo wa askari hao aliyekwisha kuacha bunduki. Alinywa uji wake, kisha akasema, "Mume yake haiko mule. Wapagazi tuliwazika kule chini, penye mihogo."

Shamba lile la mihogo liko kwenye njia ya ziwani. Mama wa watu alilikatiza kila Alhamisi na mtungi kichwani, akiwapelekea maji wengine.

"Mbona hukumwambia, mzee?"

"Ningemwambia, nani angetufagilia? Wenzangu iko mule. Na miye nitalala mule."

Nilikasirika hata uji ukanishinda. Lakini mzee naye alikuwa akilia, na najua aliwapenda wenzake kweli. Ndivyo tulivyo: mtu akijitolea tunamsifu, tunamwombea dua, na hatumuulizi anatafuta nini, tusije tukamkosa. Na wapagazi, ambao bila wao hata risasi moja isingefika milimani, hawakusimikiwa kijiti.

Jana nilikwenda kule kwenye mihogo na kuti moja bichi. Sikujua pa kuliweka, basi nikalilaza njiani, pale alipokuwa akipita na mtungi wake. Kuwaheshimu wafu ni jambo jema, sikatai. Lakini aliye hai aambiwe ukweli kwanza, angali na miguu ya kumfikisha kwa mtu wake. Huyu alikuwa akimpita kila wiki, na hakuna aliyemwambia, "Mama, simama hapa."