Hatua Arobaini Hadi Mlangoni

Enzi zetu kule Karagita, saa yetu ilikuwa ziwa: likiingia giza, tulirudi nyumbani. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka koo zikakauka, tukala githeri kutoka sufuria moja, tukapamba nywele kwa waridi zilizokataliwa kwenye shamba la maua alikofanya kazi mama. Kisha mwaka mmoja Ziwa Naivasha likaanza kupanda, na mchezo wetu ukabadilika. Kila jioni mimi na dada yangu Njeri tulichomeka kijiti pale maji yalipofika, tukahesabu hatua hadi mlangoni kwetu.

"Maji iko wapi leo?" baba aliuliza kabla hata ya kuvua gambuti.

"Hatua arobaini."

Vijiti vya mwanzo viliachana hatua moja moja, basi baba akapiga hesabu: hatua arobaini, siku arobaini. Tungehama shule zikifungwa. Mama aliendelea kukoroga uji.

Lakini hadi hapo maji yalikuwa yakipanda ukingo wenye mteremko mkali. Juu yake ardhi ilikuwa bapa kama meza, na maji yakipanda kidogo tu, yalitambaa mbali. Kijiti kikaachana na mwenzake hatua mbili. Kesho yake tatu. Halafu tano. Njeri, wa darasa la saba, hakutulia. Alitoka, akarudi, akatoka tena.

"Baba, usiangalie tu maji iko wapi. Angalia vile inaongeza mbio."

"Wee, sasa unanifunza maji? Si kuna hatua thelathini hapo? Huo ni mwezi mzima!"

Wiki haikuisha. Tulitoka shuleni tukamkuta mama na godoro kichwani, na baba ndani ya nyumba, maji yakimfika kwenye vifundo, ameshika madaftari ya Njeri yaliyolowa mpaka wino ukayeyuka. Alimtazama Njeri, kisha akayatazama maji.

Nilipofika kidato cha nne, mwalimu alichora mstari uliopinda, akaweka alama mbili juu yake, akazisogeza karibu, karibu zaidi, mpaka nafasi kati yake ikakaribia sufuri. Kisha akaugusisha rula mahali pamoja tu. "Hii ndiyo tanjenti. Mteremko wake unakwambia kitu kinabadilika kwa kasi gani, hapo hapo." Somo lenyewe aliliita kalkulasi. Darasa lilipiga miayo. Mimi nilihisi maji kwenye soksi.

Siku hizi watoto wa Njeri huiuliza simu jibu kabla hawajamaliza kusoma swali. Ukiwatuma ziwani, watakuletea picha zao wenyewe, ziwa likiwa nyuma ya masikio.

Baba sasa anaishi Longonot, mbali na maji. Mimi nilibaki Karagita, upande wa juu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, simu yangu inalia.

"Maji iko wapi?"

Namwambia. Zamani jibu hilo lilimtosha, tukakaa tukala. Sasa haishii hapo.

"Na jana ilikuwa wapi? Na juzi?"